Dakika Kumi na Tano

Kompyuta ya shule ina kisanduku kimoja cha ukoo.
Ndipo Agosti ile, kwa kidole cha karani,
tukamfuta baba mtu.
Micaela Baltazar Tomás akaingia darasani kwangu
Micaela Tomás,
daftari jipya, koti la kaka yake,
nami nikaita jina, nikaweka tiki.

Mji wetu hapa Iowa hunuka nguruwe upepo ukitoka kaskazini.
Kiwandani huchinja usiku kucha.
Alfajiri akina mama hurudi na mikono iliyokufa ganzi,
vidole vimejikunja kana kwamba bado vimeshika kisu.
Hayo nayajua leo. Wakati ule nilijua tu
kwamba mtoto huyu husinzia kipindi cha hesabu,
na kwamba nikimsemesha hutazama chini.
Nikaandika kwenye fomu, kwa wino mweusi:
*hajali.*

Novemba, jioni ya wazazi.
Kila mzazi dakika kumi na tano, saa ya ukutani shahidi.
Wiki tatu nilikuwa nimejifunza Kihispania mbele ya kioo,
karibu, keti, asante kwa kuja,
nikajiona fundi wa madaraja.
Doña Petrona akaketi ukingoni mwa kiti cha mtoto,
sketi ya kufumwa, buti za kiwandani,
akanisikiliza kwa adabu hadi nukta ya mwisho,
kisha akamgeukia binti yake.
Kihispania changu kilikuwa kimempita juu ya kichwa
kama ndege wa wenyewe.
"Mwalimu," Micaela akasema, "mama anasema Kikanjobali."

Miaka kumi na tisa nafundisha.
Nilidhani wote waliotoka kusini wametoka nyumba moja.

Basi mtoto akawa mkalimani wa kesi yake mwenyewe.
Nikasema: anachelewa, anasinzia, kazi za nyumbani haleti,
nina hofu mwaka huu utamponyoka.
Sentensi ndefu kama treni ya mahindi.
Yeye akatamka maneno manne.
Mama akatabasamu, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili,
ngozi kavu, baridi, yenye makovu madogo madogo,
nikatambua, bila kamusi,
kuwa kinywani mwa mtoto nilikuwa nimemwaga sifa.

Ningeweza kukasirika. Saa ilisema dakika sita.
Nikauliza, na safari hii si kwa sauti ya fomu:
Usiku, mama akiwa kazini, nani hulala na mdogo wako?
Akatazama chini.
"Mimi. Yeye huota ule mto.
Akiamka lazima nimwonyeshe kwamba sakafu ni kavu."

Bwana Lindqvist akabisha hodi, zamu yake imefika.
Nikamwomba asubiri. Akasubiri, akikohoa.
Nikapiga simu kumtafuta mkalimani, nikaiweka mezani,
na sauti ya mwanamke wa jimbo la mbali
ikatoka pale kwa lugha ya milimani kwao.
Doña Petrona aliisogelea ile simu
kama mtu anayesogelea jiko wakati wa theluji.
Alisema dakika kumi na moja bila kumeza mate.
Swali la kwanza halikuwa alama, wala kuchelewa.
Aliuliza: baba yake yuko hai, yuko kwao, analima;
kwa nini karatasi zenu zimemzika?

Kesho yake karani aliniambia mashine haikubali.
Tulibishana hadi kengele ikalia.
Mwishowe ikakubali kistari,
kijiti kimoja kifupi katikati ya majina mawili.

Hesabu bado anasinzia, Jumanne hasa.
Humwacha dakika kumi, kisha humgusa begani.
Fomu ile imo kabatini; wino haukubali kufutika,
hivyo nimeandika chini yake, herufi ndogo, nafasi ilikuwa finyu.

Asubuhi ile niliita jina lote.
Macho yakainuka kidogo, yakarudi chini.
Sikumwambia anitazame.